Sura ya Sita: Macho Yasiyopepesa

Siku ya tatu ya upelelezi wake pale Kamuli, Sajenti Ildefonsi Kashaija aliamua kumhoji Bibi Nyirabahire upya, safari hii bila mwenyekiti wa kijiji kuwapo chumbani.

Bibi huyo alikuwa amefungiwa katika ofisi ya kijiji tangu Jumapili. Hakuwa amekamatwa. Mgambo walimweka humo kwa usalama wake, baada ya watu kuingia shambani kwake na mapanga na kufyeka migomba yake yote, hata ile iliyokuwa na mikungu michanga. Kisa chenyewe kilikuwa macho. Katika muda wa miezi minne watu saba wa kijiji kimoja walikuwa wamepofuka jicho moja au yote mawili, na wote walianza vilevile: jicho jekundu, kisha duara jeupe mbele ya mboni kama utando wa maziwa, kisha giza. Wanne kati ya hao saba waliwahi kwenda kwa Nyirabahire kukamuliwa majani machoni. Hilo lilitosha. Isitoshe, alikuwa mjane aliyekimbia kutoka Rwanda zamani, hana mtoto, hana ndugu, na mwaka huo wa 1991, vita vikiwa vimepamba moto ng'ambo ya mto, mtu mwenye asili ya huko hakuhitaji kufanya mengi ili ashukiwe.

Ildefonsi alimwamkia shikamoo, akaketi kwenye benchi, akafungua daftari lake juu ya goti. Alimuuliza ni majani gani anayotumia. Bibi akayataja moja moja bila kuficha, akasema aliyarithi kwa mama yake, na kwamba kwa miaka thelathini aliyokaa Kamuli hajapofusha hata mbuzi. Hao wanne, akasema, walimjia macho yakiwa yameshaharibika.

"Kila anayeshukiwa husema hivyo, Bibi," Ildefonsi akamwambia. "Nipe kitu ninachoweza kukiandika."

Bikizee akatazama mikono yake.

"Dawa yangu inauma," akasema. "Inauma kama pilipili. Nikimtia mtu, lazima watu wawili wamshike. Hao wanne hawakushikwa na yeyote. Niliwatia, wakatulia tu, macho wazi, kama nimewadondoshea maji ya mvua. Mimi ndiye niliyeogopa. Nilimwambia yule Anonciata, wa mwisho wao kunijia: 'Mwanangu, jicho hili halikusikii tena.'"

Ildefonsi aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akayapigia mstari chini. Kisha akatoka kwenda kumsubiri Kemirembe.

Kemirembe alikuwa msaidizi wa daktari wa macho katika hospitali moja ya misheni, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuwa ameombwa kwa barua ya kituo cha polisi, naye akafika asubuhi hiyo juu ya lori la kahawa, na kisanduku cha vifaa mapajani. Sajenti alimweleza aliyoyasikia. Kemirembe aliomba apelekwe kwa Anonciata kwanza.

Anonciata alikuwa mgonjwa wa saba, na wa mwisho kuanza. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mama wa watoto wawili, kibarua wa kupukuchua kahawa kwa kinu cha mkono. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa na duara changa, jembamba kama ukucha. Walimkuta kizingitini amejifunika kitenge usoni kukwepa mwanga. Ndani, moshi wa jikoni ulikuwa umetanda, na juu ya meza palikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisa. Ildefonsi, ambaye mikono yake haikuzoea kutulia mahali asipopajua, alikifungua. Kati ya kurasa palikuwa na vikaratasi vyeupe vyembamba, kila kimoja kimechorwa vimistari kama rula. Aliuliza ni vya nini. Anonciata akajibu ni alama tu za kurasa.

Kemirembe alichambua pamba akaisokota hata ikawa uzi mwembamba. Akamwambia Anonciata atazame mbele. Halafu akauleta ule uzi kwa pembeni, taratibu, akagusa nao kioo cha jicho. Ildefonsi alijikuta amefumba macho yake mwenyewe. Anonciata hakupepesa. Kemirembe akagusa tena, mara ya pili na ya tatu, na jicho likabaki wazi.

Walipotoka nje, wakasimama kati ya mibuni, Kemirembe akaeleza kwa sauti ya chini. Mbele ya jicho pana kioo, daktari hukiita konea. Hakina mshipa hata mmoja wa damu. Kinalishwa na machozi na kulindwa na maumivu. Jicho likikauka kwa moshi, au kapi la kahawa likiingia, maumivu ndiyo yanayomlazimisha mtu afumbe, atoe machozi, apone.

"Ipo dawa inayoua maumivu hayo," akasema. "Ganzi. Hata sisi tunayo. Tunatia tone moja tukitaka kutoa kibanzi, basi. Mgonjwa hapewi aende nayo nyumbani hata akipiga magoti."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni tamu, Afande. Ule mwasho wa kama mchanga machoni wote unaondoka mara moja. Baada ya nusu saa unarudi, anatia tena. Ngozi ya kioo inakufa na haioti nyingine. Kinakuja kidonda, halafu kovu."

Ildefonsi akauliza kama kovu hilo huondoka. Kemirembe akasema likishakaa katikati, dawa yake ni kukata kipande na kushona mahali pake konea ya mtu aliyefariki. Amesoma hivyo vitabuni. Hajamwona mtu aliyefanyiwa.

Basi kulikuwa na chupa. Hilo sasa lilikuwa wazi. Na kama kulikuwa na chupa, kulikuwa na mkono uliokuwa ukiigawa, huenda hata saa ile. Ildefonsi alirudi kwa Anonciata akamuuliza moja kwa moja nani anampa dawa. Akajibu upesi kuliko ilivyostahili kwamba hajatumia dawa yoyote ya dukani. Akawazungukia wengine sita jioni ile. Wote walikana.

Kesho yake alfajiri akapanda pikipiki ya kituo kwenda Omurushaka. Pale mjini palikuwa na duka moja la dawa, la mtu aliyeitwa Melkiory, na minong'ono ilimtaja kwamba huuza vitu visivyoruhusiwa. Ildefonsi alipekua rafu zote, akafungua makatoni, akapanda hata darini. Alikuta mafuta ya macho ya manjano, vidonge vya malaria vilivyopitwa na wakati, na sindano ambazo Melkiory hakuweza kuzieleza. Chupa ya ganzi hakuna. Asubuhi nzima ikawa imepotea. Akaandika zile sindano na vile vidonge kwa ajili ya kesi ya siku nyingine, akamwambia Melkiory aeleze kama kuna mtu wa Kamuli amewahi kumwulizia dawa ya macho.

Melkiory, aliyekuwa akitokwa jasho, alifurahi kupata jambo la kusema. Kulikuwa na mtu mmoja, miezi miwili nyuma, mpole, nadhifu, alishuka kwenye basi la Kyerwa na chupa tupu akitaka nyingine kama hiyo. Maandishi yake yalikuwa ya kigeni, Melkiory hakuweza kuyasoma. Jina la mtu hakulijua. Alikumbuka tu kwamba chupa ilitolewa kwenye kopo la maziwa ya unga, na humo koponi mlikuwa na vikaratasi vingi vyembamba, vyenye mistari kama rula.

Ildefonsi alikaa kwenye baraza la duka akafungua daftari. Alisoma majibu ya watu saba, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa watu wa nyumba mbalimbali, Walutheri wanne na Wakatoliki watatu, wengine hawasalimiani, na wote walikuwa wametumia maneno yaleyale: sijatumia dawa yoyote ya dukani. Yeye hakuwa ametaja duka. Hawakumdanganya. Dawa haikununuliwa, walipewa, na mtu mmoja ambaye hawakutaka kumpoteza alikuwa amewaomba wote wafunge mdomo.

Aliporudi Kamuli alasiri, alimkuta Kemirembe ofisini. Akamchorea kile kikaratasi kwa penseli. Kemirembe akakitambua papo hapo: ni cha kupimia machozi. Unakunja ncha, unaipachika ndani ya kope la chini, unasubiri dakika tano, kisha unasoma machozi yamelowesha mistari mingapi. Jicho kavu hulowesha michache. Watafiti wengine, akaongeza, hutia kwanza tone la ganzi ili karatasi isimsumbue mtu.

"Watafiti," Ildefonsi akarudia, akamgeukia mwenyekiti.

Mwenyekiti Leonidas hakuona aibu yoyote, maana hakuona kosa. Ndiyo, mwaka uliopita wageni watatu walikuja na gari jeupe na barua kutoka mkoani. Walikaa wiki sita kwenye uwanja wa kanisa, wakapima machozi ya watu mia tatu, wapishi wa jikoni zenye moshi na wapukuchuaji wa kahawa. Walikuwa wema sana, kila aliyepimwa alipewa mche wa sabuni. Mwezi wa kumi, vita vilipozuka ng'ambo, waliondoka kwa haraka, wakaacha baadhi ya vitu kwa mkalimani wao. Mkalimani alikuwa Theoneste Hategekimana, mtu mwenye lugha nne kinywani, anayeishi kule bondeni.

Walimkuta Theoneste uani akigeuza kahawa kwenye mikeka kwa reki ya mti. Alikuwa na umri kama wa Ildefonsi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Aliwakaribisha, akawaletea viti. Ildefonsi alipomwambia amekuja kwa habari ya dawa ya macho, Theoneste aliweka reki chini taratibu, akaingia ndani, akatoka na lile kopo la maziwa ya unga na katoni moja. Hakujaribu kukimbia. Ndani ya katoni mlikuwa na chupa tisa ndogo. Kemirembe akaichukua moja, akasoma, akampa Ildefonsi ishara kwa kichwa kwamba ndiyo ganzi yenyewe.

"Zilikuwa ngapi?" Ildefonsi akauliza.

"Mia na ishirini, Afande."

"Na wao walikuambia ni dawa gani?"

"Waliniambia inaondoa maumivu. Niliona kwa macho yangu. Watu waliingia kwenye hema wanalia, wakatoka wanacheka. Wazee walioambiwa mchanga wa macho ni uzee, wakasimama wakamshukuru Mungu. Wageni walipoondoka, watu walianza kunijia hapa. Ningewaambia nini?"

Akaeleza mambo yote kwa utaratibu, kama mtu aliyesubiri siku nyingi aulizwe. Hakuuza hata tone. Aliwaomba wasiseme, kwa sababu chupa zilikuwa chache, na habari ikienea kata nzima ingekuja. Macho ya Anonciata yalipoanza kuwa meupe alidhani dawa anayompa haitoshi, akamwongezea, mara nne kwa siku, kisha kila saa. Kuhusu Bibi Nyirabahire, yeye mwenyewe aliamini ni yale majani. Alikuwa amewaonya watu wasiende kwake.

Kemirembe aliinuka akaenda kusimama mbali, karibu na zizi, akiwa amewapa mgongo.

Theoneste akatoa daftari. Baada ya wageni kuondoka hakuacha kazi. Walikuwa wamemwambia watarudi na majibu, naye hakutaka wakute pengo. Kila Jumamosi alipima machozi ya wagonjwa wake kwa vile vikaratasi na kuandika kwa mwandiko mzuri: jina, tarehe, jicho la kulia, jicho la kushoto, mistari mingapi. Na alikuwa amewaandikia barua tatu akiomba dawa zaidi. Jibu moja lilikuja. Alilitoa kwenye bahasha, akamsomea Ildefonsi kwa Kiswahili, akifasiri huku anasoma. Walimshukuru sana. Takwimu za Kamuli zilikuwa zimewasaidia kufahamu jicho kavu, na huko kwao sasa walikuwa wameanza kutumia mwanga wa leza kuchonga konea za watu wasioona mbali vizuri, ili waweze kutupa miwani. Ni lazima wajue kwanza machozi ya mtu kabla ya kumchonga. Utafiti umekamilika. Wanamtakia heri yeye na familia yake. Barua haikutaja chupa.

Wakati Theoneste akisoma, nzi alitua kwenye shavu lake, akapanda. Ildefonsi alimtazama nzi huyo akitembea hadi kwenye kope la chini, akakanyaga juu ya weupe wa jicho la kulia, akasimama pale. Theoneste aliendelea kusoma. Hakupepesa.

"Na wewe unaitumia," Ildefonsi akasema.

Theoneste akakunja barua. "Vumbi la kahawa, Afande. Kama watu wote. Hili la kulia limeanza kuwa na ukungu, lakini nitaongeza."

Hapo Kemirembe akarudi, akapiga magoti mbele ya kiti cha Theoneste, akamwambia kila kitu, polepole, kwa Kinyambo, kama anavyoambiwa mtu msibani. Ildefonsi hakuandika neno. Theoneste alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu, je, wale ambao bado wanaona, wakiacha leo, watapona? Kemirembe akasema baadhi yao, labda. Akauliza ni akina nani. Kemirembe akasema hajui.

Ildefonsi akafungua daftari la Theoneste, akahesabu majina. Yeye alikuwa na watu saba. Humo mlikuwa na thelathini na mmoja.

Ilibidi amchukue Theoneste kumpeleka ofisi ya kijiji. Alipotoa pingu, Theoneste alinyosha mikono mwenyewe, lakini aliinyosha kidogo upande wa kulia, mahali ambapo hapakuwa na mtu, ikabidi Ildefonsi amfuate huko. Mwisho akazirudisha pingu mfukoni, akamshika mkono wakaenda.

Ofisini alimwachia Bibi Nyirabahire mbele ya watu, akatangaza kwamba hana hatia. Watu walisikiliza, wakatazama chini, wakaanza kutawanyika. Hakuna aliyesema pole. Bibi alimuuliza mwenyekiti nani atampandia migomba, na mwenyekiti akasema suala hilo litaletwa kwenye kikao. Ildefonsi alipoketi kujaza jalada, alifika kwenye mstari wa mtuhumiwa akaandika Theoneste Hategekimana, akafika kwenye mstari wa kosa akakaa muda mrefu. Sumu ni ya mtu aliyekusudia. Uzembe ni wa mtu aliyejua. Na wale walioacha katoni walikuwa na jina la mtaa na la mji katika nchi ambayo pikipiki ya kituo haifiki. Akaacha mstari mtupu.

Zilibaki saa mbili za mwanga. Wakagawana majina, yeye akaongozwa na Leonidas kupita nyumba za bondeni, Kemirembe, akiongozwa na balozi mmoja wa nyumba kumi, akachukua za mlimani.

Hakuwa ametegemea kwamba itakuwa vigumu namna ile. Katika nyumba ya kwanza mama mmoja alimpa chupa na kumshukuru. Ya pili walikana mpaka Leonidas alipowasomea jina lao daftarini. Ya tatu, mwanamume mwenye nguvu zake alikumbatia chupa kifuani, akasema afadhali apofuke bila maumivu kuliko kuona huku anaungua, ikawabidi wamshike. Anonciata hakugombana. Alimkabidhi Ildefonsi chupa, kisha, kabla Sajenti hajatoka uani, ganzi ilianza kumwishia, na yeye akaanza kutikisa kichwa huku na huku kama mtu aliyemwagiwa majivu ya moto. Alimwomba tone moja, la usiku huu tu, kwa sababu ya watoto, wasimwone hivi. Ildefonsi alimjibu kwamba Kemirembe atakuja na kumfunga bandeji. Alitembea haraka.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Mzee Telesfori, mkulima wa miaka sabini na zaidi, anayeishi peke yake pembeni mwa shamba la ndizi za bitoke. Alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, macho yote mawili meupe, akiota jua la mwisho. Jina lake halikuwamo kati ya wale saba. Hakuna aliyekuwa amefika kumwandikisha.

"Shikamoo, Mzee," Ildefonsi akasema.

"Marahaba, mwanangu." Mzee alitabasamu kuelekea sauti ilikotoka. "Leo umechelewa, Theoneste. Nilianza kudhani umenisahau."

Ildefonsi alifungua kinywa kumweleza. Leonidas alikuwa amebaki nyuma kwenye njia. Mkononi Sajenti alikuwa na mfuko wenye chupa kumi, nazo zilipogongana zikatoa mlio mdogo wa kioo, na mzee aliusikia.

Basi akaegemea nyuma, akainua uso juu, akavuta kope la chini kwa kidole kilichozoea, akatulia hivyo, akisubiri.